Siku yangu moja, Tengeru: plazima na ndizi za mtori

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya kunawa uso naitazama kompyuta. Hesabu niliyoiacha usiku bado inakwenda, umeme haukukatika. Namshukuru Mungu.

Humo naigiza vijito viwili vya plazima (gesi ya moto ambayo elektroni zimeachana na atomi zake) vinavyopenyana, mamilioni ya chembe za umeme, elektroni na protoni, kila moja ikifuatwa peke yake. Naiga jaribio la leza linaloiga nyota iliyolipuka; leza yenyewe iko Livermore, California, ina miali 192.

Saa 2 asubuhi, soko la Kilombero, Arusha mjini. Mama kaniagiza ndizi za mtori. Getini wanaoingia na wanaotoka wamebanana, hakuna anayewapanga, lakini muda si muda kila mtu kamfuata wa mbele yake na mistari imejitenga. Nilisimama pale na mkungu begani nikitazama. Plazima nayo ndivyo! Mikondo ya umeme inayokwenda upande mmoja huvutana, inayopishana husukumana, vijito vinachanika nyuzi nyuzi. Uzi ukinenepa, uga sumaku wake, yaani nguvu ya sumaku inayouzunguka, unakua na kuvuta zaidi. Erich Weibel alilieleza jambo hili mwaka 1959.

Saa 7 mchana, makande kwa mama ntilie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi hiyo nyota unayosema mnaiiga kwa leza inaingiaje chumbani?"

Nikamwambia haiingii, tunachoiga ni mwenendo wake. Nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1006 mpaka leo inasukuma gesi yake angani, gesi nyepesi mno hata chembe hazigongani. Hata hivyo wimbi la mshtuko, mpaka ambapo gesi inabanwa ghafla, linajengeka kwa nguvu ya uga sumaku. Kule Livermore visahani viwili vya kaboni hutazamana, leza inavipiga, plazima inaruka zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, na sentimita chache zinatosha kujenga wimbi kama hilo. Mwaka 2020 ilitangazwa kuwa elektroni kadhaa, kwa kurushwa huku na huku kwenye wimbi hilo, zilipata nishati zaidi ya mara 100 ya ile ya joto la plazima.

"Kumbe zinarushiana," akasema, akaniongezea makande.

Saa 9:20 alasiri umeme ukakatika. Nakala ya mwisho ya hesabu niliyohifadhi ilikuwa ya saa 5. Iliniuma sana.

Saa 2 usiku. Umeme umerudi, nimeendesha tena kutoka kwenye nakala ile. Nyuzi zimetokea, zimevunjika, zimevurugana, na katikati ya vurugu hilo kuna elektroni moja inayovuka mpaka wa wimbi la mshtuko na kurudi. Naifuata kwa kidole kwenye kioo. Imevuka mara tatu, na kila ikivuka nishati yake inapanda.

"Mtori unapoa!" mama anaita.

"Nakuja mama." Imevuka ya nne.