Paka wa kusi

Upepo wa kusi ukikaza hapa Lamu, paka huonja njaa kabla yetu. Vyombo vidogo vya baharini havitoki, meza za kuparia samaki sokoni zinakauka, na wale waliozoea kushinda chini yake wakingoja utumbo na vichwa huanza kupanda vichochoroni. Wiki hii wamefika hadi barazani kwetu. Mgeni hawezi kujua yupi ana shida, maana paka wa Lamu kwa umbo lao ni wembamba, miguu mirefu. Mimi hutazama manyoya. Paka akizidiwa huacha kujiramba, manyoya yakasimama na kufifia.

Leo alfajiri kulikuwa na kiroba cha unga ukutani mwa msikiti, mdomo umefungwa kwa kamba ya nailoni. Ndani paka wachanga watatu, macho yamegandana kwa tongo. Nilichemsha maji, nikayaacha yawe vuguvugu, nikachovya pamba na kupangusa kutoka upande wa pua kwenda nje, polepole, hadi ukoko ukalainika. Kila jicho lilipofunguka, ndani mlikuwa bado na ile buluu ya utotoni. Hawajafikisha miezi miwili, kwa hiyo walikuwa bado na haki ya mama yao.

Binti wa jirani alikuja mbio na maziwa ya ng'ombe na robo ya kidonge cha paracetamol, maskini, kwa huruma tu. Nilimzuia vyote viwili. Maziwa yale huwaharisha, na kuhara kunamuua paka mchanga upesi. Paracetamol kwa paka ni sumu hata ikiwa kidogo. Tuliwapondea samaki wa kuchemsha, tukamtoa miiba kwa vidole, wakala huku wakinguruma.

Najua aliyewaacha pale hakukusudia ubaya. Anaamini mlangoni pa msikiti hapakosi mwenye imani. Sote tumelelewa na kisa cha yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Tumefundishwa pia kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Basi kiroba kilichofungwa kamba kina tofauti gani na kile chumba cha yule mwanamke? Hili linaniuma, na nalisema waziwazi.

Chakula peke yake hakitatutoa hapa. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, huibeba kwa wiki tisa hivi, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Ukiwalisha bila kuwafunga kizazi, mwaka ujao viroba vitakuwa vingi zaidi. Wale mnaowaona wamekatwa ncha ya sikio hawakuumwa na wenzao kama watoto wanavyodhani. Daktari wa mifugo huikata kama alama ya waliokwisha kufungwa kizazi, akiwa amewalaza kwa dawa ya usingizi, ili wasikamatwe na kupasuliwa mara ya pili. Madume nao wakihasiwa hupunguza kupigana usiku, na majeraha ya kung'atana ni njia moja ya kuambukizana maradhi.

Mzee mmoja wa mtaa wetu halikubali. "Mwanangu, unamnyima kiumbe kizazi alichopewa na Mola wake." Namheshimu sana, na swali lake si la kupuuzwa. Nilimwambia kizazi hicho ndicho ninachokiokota kwenye viroba, na wengi sikuwawahi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema nimletee daktari azungumze naye mwenyewe barazani, na kama kuna mashekhe wenye fatwa juu ya jambo hili, waje nao wasikilizwe. Nimeshampigia daktari. Atakuja Ijumaa baada ya swala, na mzee ameahidi kahawa.

Wawili kati ya wale watatu wameshapata nyumba. Amebaki jike mweupe mwenye baka jeusi shingoni. Anayemtaka karibu, kwa sharti kwamba akishakua tutampeleka pamoja kwa daktari.