Pumzi za Msichana wa Faza

Alifikishwa hospitalini Lamu alasiri moja ya msimu wa kusi, baada ya kuvushwa kwa mashua kutoka Faza katika bahari iliyochafuka. Alikuwa msichana wa miaka 19, akihema kwa nguvu, mamake amemshika mabega. "Daktari, mwanangu ana pumu, mpe dawa ya kuvuta," mama alisihi. Nilikuwa tabibu mwanagenzi. Muuguzi wa zamu, Bi mmoja aliyekwisha kuwafunza wengi kabla yangu, alisema tu, "Anza na A, mwanangu," yaani nifuate mpangilio wa herufi wa kumkagua mgonjwa mahututi: A njia ya hewa, B kupumua, C mzunguko wa damu, D ufahamu, E kumfunua mwili.

Nilimwita, akanijibu kwa maneno mawili matatu. Njia ya hewa ilikuwa wazi. Kifua ndicho kilichotuchukulia muda. Nilihesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa kuwa kuhesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne ni uvivu unaoficha mengi, nikapata 34, ilhali mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Hata hivyo oksijeni ilisoma asilimia 98, hewa iliingia vizuri pande zote mbili, wala sikusikia mluzi. Mwenye pumu huhangaika kuitoa pumzi. Huyu alivuta na kutoa pumzi ndefu, nzito, zisizo na kizuizi, zenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Mapigo ya moyo yalikuwa 128, presha 92 kwa 54, na nilipombonyeza ncha ya kidole, damu ilichukua sekunde 4 kurudi badala ya 2. Tukaanza dripu ya maji ya chumvi pale pale, kwani kasoro hutibiwa inapoonekana, haingoji herufi ya mwisho. Katika D alikuwa akisinzia, na mashine ya sukari, ambayo upeo wake ni 33.3 mmol/L, ilishindwa kutoa tarakimu kwa kuwa sukari ilikuwa juu ya hapo. Mkojo ulikuwa na ketoni nyingi, yaani asidi itokanayo na mafuta mwili unapoyachoma kwa kukosa insulini. Kilikuwa kisukari, si pumu. Asidi hiyo iliyojaa katika damu ndiyo iliyomfanya aheme vile. Hapo mama akakumbuka kwamba bintiye alikuwa akinywa maji usiku kucha na kukonda. Tulipomfunua mwili hatukuona jipu wala kidonda.

Insulini ilingoja jibu la potasiamu kutoka maabara, maana insulini huisukuma potasiamu ndani ya seli, na potasiamu ikiwa imepungua tangu awali moyo huhatarika. Lita ya kwanza ilipoisha nilishika kalamu niandike. Bi akanirudisha kwenye A. Presha ilikuwa imepanda hadi 108, lakini pumzi bado zilikuwa 30.