Batri inarudisha umeme mu konvetisa

Hapa Goma batu bengi wanashusha umeme wa pano ya volti 24 na konvetisa ndogo ili kuchaji batri ya volti 12, mchana iko sawa, lakini jua likizama mlango wa kuingilia unabaki mtupu na batri bado inasukuma kwa kutokea, njo umeme unarudi nyuma kupitia ile diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyo ndani ya mosfeti ya juu, ni kusema swichi ya elektroniki ya upande wa kuingilia, na batri inaisha usiku, mara ingine konvetisa inaungua kabisa.

Tafazali weka diodi ya aina ya Schottky kwenye waya wa plus kati ya konvetisa na batri, ule mstari uliochorwa juu yake uangalie batri. Diodi inakula kama volti 0.5, kwa hiyo pima volti kwenye batri yenyewe. Ampea 5 ni wati 2.5 za joto, basi ikaze kwenye kipande cha alumini ili joto litoke. Diodi hizo zinapatikana hata mu alimantasyo za ordinateri zilizokufa.