Usiniulize asilimia kwanza

Nikitaja tu kwamba ninashughulika na seli za jua za kikaboni, yaani zile zinazogeuza mwanga kuwa umeme kwa kutumia molekuli za kaboni, naulizwa ufanisi wake, sehemu ya mwanga inayogeuka umeme: "Zinafika asilimia ngapi?" Ningefurahi zaidi kuulizwa zinadumu muda gani.

Maabara, wengi huanza na P3HT, polima inayochanganywa na PCBM, ambayo ni jamii ya fulereni, molekuli za kaboni zenye umbo la mpira. Mchanganyiko ukiwa kwenye kichupa ni wa rangi ya chungwa. Dondosha kidogo juu ya kioo, kizungushe kwa kasi, na kiyeyushi kinapokauka unaona utando ukigeuka zambarau hivi hivi unautazama. Minyororo ya polima imejipanga. Ukiupasha moto kati ya nyuzi joto 110 na 150 hujipanga vizuri zaidi na umeme huongezeka. Mimi sijawahi kuichoka rangi ile.

Unene wake ni kama nanomita 100 tu, na ndani humo ndimo penye kazi yote. Mwanga ukiipiga polima hauachi elektroni huru papo hapo. Huzaa eksitoni, yaani elektroni na tundu lake (nafasi iliyoiacha) vikiwa bado vimeng'ang'aniana. Eksitoni husafiri nanomita 10 hivi, kisha hufa. Isipokutana na mpaka wa vitu viwili, kama polima na PCBM, unaoitenganisha elektroni na tundu, ndani ya umbali huo, umeme hakuna. Ndiyo maana seli ya Ching Tang wa Kodak, ya mwaka 1986, yenye tabaka mbili zilizolaliana, ilitoa asilimia 1 hivi. Kuvichanganya kabisa vitu hivyo viwili, njia iliyoshika kasi tangu 1995, kulileta mipaka kila mahali. Mwaka 2019 kundi la Yingping Zou, Changsha, China, likaleta molekuli ya Y6: asilimia 15.7, bila fulereni. Leo maabara zimevuka 19.

Nafurahia sana namba hizo. Lakini hupatikana kwenye seli ndogo kuliko ukucha, na mchanganyiko wenyewe haujatulia. Joto huzifanya molekuli zijitenge taratibu, oksijeni na unyevu hupenya, miale ya urujuanimno hukata vifungo. Sisi tunataka kuuweka utando huu juu ya bati la Dar es Salaam, saa nane mchana, mwezi wa pili!

Kwa hiyo nikipata makala mpya naruka jedwali la ufanisi, natafuta T80: muda ambao seli huchukua kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Halafu naangalia walipimia kwenye joto gani. Nyuzi 25 hazinitoshi. Nataka 65, nataka 85, taa ikiwaka mfululizo.