Sridevi: kabla ya kukopi, jua unamsikia nani

Hapa Goma kila filamu yenye sari, mvua na wimbo wa dakika sita ni "filme ya Kihindi". Kwa vijana wanaokopi filamu Birere au soko la Virunga, folda huwa moja tu, imeandikwa INDE. Ndani yake Kihindi, Kitamil na Kitelugu vimelala pamoja kama maharage ya rangi zote kwenye mfuko mmoja. Kwa waigizaji wengi mchanganyiko huo haudhuru sana. Kwa Sridevi, mwigizaji wa kike wa India aliyecheza katika lugha hizo zote, unadhuru, maana ukichukua faili bila kuangalia, unaweza kutazama filamu zake kumi usimsikie hata mara moja.

Katika filamu zake nyingi za Kihindi kabla ya 1989, sauti inayotoka si yake. Mara nyingi ni ya Naaz, mwigizaji aliyeanza kazi tangu utotoni. Katika Aakhree Raasta (1986) ni ya Rekha, nyota mwenzake. Wakati huo studio za India hazikutegemea sauti iliyorekodiwa pale pale kwenye kupiga picha. Kamera zilikuwa na kelele, mkurugenzi alipaza maagizo huku waigizaji wakiendelea, halafu baadaye mtu aliingia chumba cha kurekodia, akatazama midomo na kusema maneno upya. Mradi mtu anasema upya, si lazima awe yule yule. Sridevi alifika Bombay, mji wa filamu za Kihindi, Kihindi chake kikiwa bado kigumu, kwa hiyo wakamwazimia sauti. Filamu inayotajwa siku zote kuwa ya kwanza ya Kihindi aliyojisemea mwenyewe ni Chandni ya Yash Chopra, 1989. Alikuwa amekaa mbele ya kamera miaka ishirini.

Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1963, Meenampatti karibu na Sivakasi, Tamil Nadu. Baba alikuwa Mtamil, mwanasheria. Mama alisema Kitelugu. Nyumba ya lugha mbili, jambo ambalo mtoto wa Goma halimshangazi. Mwaka 1969 alionekana katika Thunaivan ya Kitamil akicheza mungu Murugan akiwa mtoto mdogo kabisa. Mwaka 1971 Poombatta ya Kimalayalam ikampa tuzo ya jimbo la Kerala ya mwigizaji mtoto. Mwaka 1974 yumo katika Bhakta Kumbara ya Kikannada. Kwenye Kitelugu kuna jambo ambalo mashabiki wa kule hawachoki kulirudia: mwaka 1972, katika Badi Panthulu, alikuwa mjukuu wa NTR, nyota mkubwa wa filamu za Kitelugu; mwaka 1979, katika Vetagadu, akawa mpenzi wa NTR huyo huyo. Mtu anaweza kucheka, ila hapo ndipo unapoona jinsi wanawake walivyoharakishwa kukua na wanaume wakaachwa palepale. Katika Moondru Mudichu (1976), filamu yake ya kwanza ya Kitamil kama mhusika mkuu, alikuwa na miaka 13 na alicheza mama wa kambo wa Rajinikanth, mwigizaji ambaye tayari alikuwa mtu mzima.

Ukitaka kumjua, usianze na orodha ya filamu maarufu. Anza na filamu moja iliyotengenezwa mara tatu. 16 Vayathinile ya Bharathiraja ilitoka 1977 kwa Kitamil. Mwaka uliofuata ikarudiwa Kitelugu kama Padaharella Vayasu, na 1979 Kihindi kama Solva Sawan. Wanaume walibadilika kila mara: Kamal Haasan, halafu Chandra Mohan, halafu Amol Palekar. Msichana alibaki Sridevi, mwanakijiji yule yule anayetaka kuwa mwalimu na anayemwamini daktari wa mifugo aliyetoka mjini. Ya Kitamil ndiyo yenye uhai: karibu yote imepigwa nje, kijijini, na mwenyewe ametulia kama mtu aliye kwao. Ya Kihindi, iliyokuwa ya kwanza kwake kama mhusika mkuu katika lugha hiyo, ilianguka, naye akarudi kusini kwa miaka kadhaa.

Halafu chukua jozi ya pili, Moondram Pirai (1982, Kitamil) na Sadma (1983, Kihindi). Mkurugenzi ni mmoja, Balu Mahendra, na waigizaji wakuu ni wale wale wawili, Sridevi na Kamal Haasan. Njama ni ile ile: msichana anaumia kichwa katika ajali ya gari, akili inarudi utotoni, mwalimu mmoja anamtoa kwenye nyumba ya makahaba na kwenda kumtunza milimani Ooty. Namna rahisi ya kujua umepewa ipi ni mbwa. Akiitwa Subramani, ni ya Kitamil. Akiitwa Hariprasad, ni Sadma.

Itazame sehemu ya mwisho kwenye kituo cha treni cha Ketti. Msichana amepona, na kupona kumefuta miezi yote aliyotunzwa. Mwalimu anakuja mbio katika mvua, ameumia, anachezacheza kama nyani dirishani, anafanya michezo yote aliyokuwa akimchekesha nayo ili amkumbuke. Watu wote humtazama Kamal Haasan, na kwa ile ya Kitamil alipata Tuzo ya Taifa. Rudisha nyuma umtazame Sridevi. Haogopi, hamchukii, wala hamhurumii sana. Anamwona mwendawazimu anayeomba chakula, anampa kitu cha kula, basi. Jicho halitoi hata chembe ya "nimewahi kukuona". Kwa mwigizaji aliyecheza mapenzi hayo saa mbili nzima, kuyaficha kiasi kile ni kazi ngumu kuliko kulia. Serikali ya Tamil Nadu ilimpa Sridevi tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa Moondram Pirai. Mimi ningechukua ya Kitamil siku yoyote.

Mwaka huo wa 1983 ndio Himmatwala ilipotoka, akiwa na Jeetendra, chini ya mkurugenzi wa Kitelugu K. Raghavendra Rao. Ilikuwa marudio ya filamu ya Kitelugu ya 1981. Ilifaulu sana, na miaka michache iliyofuata ni ya rangi kali, mitungi iliyopangwa mistari na dansi za mwili mzima. Nyingi unaweza kuziruka bila hasara. Nagina (1986), ile ya mwanamke nyoka, usiiruke, Mr. India (1987) pia. Katika ChaalBaaz (1989) anacheza mapacha wawili, na hapo kipaji cha kuchekesha kinaonekana waziwazi, ikampa tuzo ya Filmfare, tuzo kubwa ya filamu za Kihindi. Lamhe (1991), mama na binti, ikampa nyingine ingawa nyumbani India watazamaji wengi hawakuikubali.

Watu wa huku husahau kwamba hakuhama kusini moja kwa moja. Katikati ya umaarufu huo wa Bombay alirudi Kitelugu kufanya Jagadeka Veerudu Athiloka Sundari (1990) na Chiranjeevi, kisha Kshana Kshanam (1991) ya Ram Gopal Varma, ambamo yeye ni mfanyakazi wa ofisi anayekimbia porini na mwizi, akilalamika njia nzima. Ile ya Chiranjeevi inazunguka pia kwa sauti ya Kihindi chini ya jina Aadmi Aur Apsara, kwa hiyo unaweza kuuziwa mara mbili ukidhani ni filamu mbili.

Sasa jinsi ya kuchagua faili. Fungua sekunde za mwanzo kabisa: filamu ya India huanza na cheti cha bodi ya ukaguzi, na pale jina la filamu huandikwa pamoja na lugha yake. Wanaokopi mara nyingi hukata sehemu hiyo. Hapo tumia sikio, tafuta neno la "hapana". Kihindi ni nahin. Kitelugu ni ledu, na utasikia maneno mengi yakiishia kwa irabu kama ya kwetu. Ukisikia illa, ni Kitamil, Kimalayalam au Kikannada. Kwa Sridevi, mara nyingi ni Kitamil.

Lakini sikio linakuambia lugha ya sauti tu, halikuambii filamu ilipigwa kwa lugha gani. Kwa hilo angalia midomo. Herufi m, b na p hazisemeki bila kufunga midomo. Akiifunga tena na tena mahali ambapo husikii hata moja kati ya hizo, umepewa iliyobandikwa lugha nyingine. Kuchelewa kidogo tu kwa sauti kusikutishe. Kama nilivyosema, hata filamu halisi ilisemwa upya studioni.

Zile za kutafsiriwa, Kiswahili cha Tanzania au agasobanuye (zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda) za upande wa Gisenyi, ni burudani nzuri ya jioni na watu wengi nyumbani. Ila msimulizi anasema juu ya kila kitu, na kwa kazi hii hazifai. Mwambie kijana mapema: "Yaya, usinipe ya kutafsiriwa, nipe yenye maandishi ya chini."

Maandishi hayo huja kama faili ndogo ya .srt. Ipe jina lile lile la filamu, herufi kwa herufi, uiweke kwenye folda moja nayo, la sivyo televizio haitaiona. Yakichelewa kwa sekunde zile zile tangu mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC (programu ya kuchezesha filamu) ya ordinateri bonyeza G au H mpaka yakae sawa. Yakianza vizuri kisha yakaachana na filamu polepole, tatizo ni kasi: maandishi yalitengenezwa kwa picha 23.976 kwa sekunde na kopi yako inakwenda 25. Tofauti ni kama asilimia 4, na kwenye filamu ya saa mbili na nusu unafika mwisho yakiwa nyuma karibu dakika 6. Kubonyeza hakuponyi hiyo. Tafuta .srt nyingine, au ubadilishe kasi ya maandishi ndani ya VLC.

Picha ipo, sauti hakuna? Mara nyingi televizio za bei ndogo hazisomi sauti ya aina ya DTS au AC3. Omba kopi yenye AAC au MP3. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayofika GB 4, hata ikiwa na nafasi tele. Na kama moto wa umeme umekatika katikati ya kukopi, usiamini faili hata kama inafunguka: ruka mpaka dakika kumi za mwisho uone kama zipo. Ukikuta VCD za zamani, diski moja haibebi zaidi ya dakika 80 hivi, kwa hiyo filamu ina diski mbili au tatu. Inayopotea ni ya mwisho, yaani ile yenye kituo cha Ketti.

Baada ya Judaai (1997) alikaa karibu miaka 15 bila kupiga filamu mpya akiwa mhusika mkuu. Akarudi 2012 na English Vinglish ya Gauri Shinde, ambamo ni Shashi, mama anayetengeneza laddoo, vitamu vya Kihindi, za kuuza na ambaye binti yake anamwonea haya kwa sababu hajui Kiingereza. Sehemu ya mkutano wa wazazi shuleni mama yeyote wa hapa ataielewa bila maandishi. Badala ya Kiingereza weka Kifaransa, imekwisha. Ilitolewa Kihindi na Kitamil, na kuzitenganisha ni rahisi: tazama ndani ya ndege. Jirani yake kwenye kiti akiwa Amitabh Bachchan, una ya Kihindi. Akiwa Ajith Kumar, una ya Kitamil.

Mom (2017) inahesabiwa kuwa filamu yake ya 300. Alifariki Dubai tarehe 24 Februari 2018, na Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora kwa filamu hiyo ikatangazwa baada ya kifo chake. Inapatikana pia kwa Kitamil, Kitelugu na Kimalayalam, lakini ilipigwa kwa Kihindi. Hii moja, omba yenye nahin.