Pengo la gerimani linapotoka sifuri

Ukiwa Lubumbashi, bomba refu la kiwanda cha shaba huwezi kulikosa, wala kile kilima cheusi kilicho pembeni yake ambacho wengine huita Terril na wengine Big Hill. Tanuru lilianza kumwaga shaba mwaka 1911, na mavi ya shaba yakawa yanarundikwa hapo miaka nenda miaka rudi. Ndani ya rundo hilo mna kobalti, zinki, na gerimani pia. Kipushi, kilomita kama 30 kutoka mjini, ndiko yalikotambuliwa mara ya kwanza madini ya renierite, ambayo nayo yamebeba gerimani.

Kwa hiyo mtafiti wa hapa anayetaka nusu-kipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi, ili akokotoe sifa zake kwa kompyuta, ana sababu nzuri ya kuchagua gerimani. Hata transista ya kwanza, ile ya mwaka 1947, ilikuwa ya gerimani. Lakini hii ndiyo elementi inayowakwamisha wengi wanaotoka kwenye silikoni. Unafuata hatua zilezile, programu inamaliza kazi bila kulalamika, na pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni huihitaji kutoka ukanda uliojaa (wa valensi) hadi ukanda mtupu ulio juu yake (wa upitishaji), linatoka sifuri. Maabara inapima 0.66 eV (elektroni-volti) kwenye joto la chumba. Waliomaliza udaktari na kuanza mkataba wao wa kwanza wa utafiti hupoteza wiki nzima wakitafuta kosa kwenye faili, na mara nyingi faili haina kosa.

Kosa liko kwenye fomula ya kukadiria jinsi elektroni zinavyoathiriana. PBE ya mwaka 1996, ambayo karibu kila mtu huanza nayo, huiacha kila elektroni isukumwe kidogo na wingu la chaji yake yenyewe, na haina ule mruko wa nishati unaotakiwa pale elektroni moja inapoongezwa kwenye fuwele. Mapengo yote hupungua. Silikoni hubaki na takriban 0.6 eV badala ya 1.1, kwa hiyo bado inafanana na nusu-kipitishi. Gerimani haina akiba hiyo: ikipunguziwa kiasi kama hicho, ukanda wa upitishaji unagusa ukanda wa valensi kwenye nukta ya Γ (kitovu cha nafasi ya mawimbi ya elektroni ndani ya fuwele), au unashuka chini yake kabisa.

Jinsi ya kulitambua hilo ni rahisi, lakini hesabu viwango kwa mkono. Chukua Quantum ESPRESSO, programu ya bure ya hesabu hizi, weka ibrav=2 (umbo la fuwele), atomu mbili, celldm(1)=10.692 (urefu wa kisanduku kwa bohr), yaani 5.658 Å. Soma nishati za Γ kwenye faili ya matokeo. Kama sudopotenshali yako (faili inayowakilisha kiini na elektroni za ndani za atomu) inazikokotoa wazi elektroni za 3d, kila atomu ina elektroni 14, jumla 28, kwa hiyo kanda 14 zimejaa. Bila mshikamano wa spini na mzunguko (athari kati ya spini ya elektroni na mwendo wake), viwango vya 12, 13 na 14 vinapaswa kuwa sawa kabisa, vitatu kwa pamoja, na cha 15 kiwe peke yake juu yao. Ukikuta cha 12 kiko peke yake na vitatu vinavyolingana ni 13 hadi 15, mpangilio umepinduka. Bila 3d, hesabu ileile inaanzia kiwango cha 2. Usisahau kuongeza nbnd (idadi ya kanda) hadi 18 au 20; kwa occupations='fixed' (ujazo wa kanda usiobadilika) programu hukokotoa kanda zilizojaa tu, na kiwango cha 15 hutakiona. Isitoshe, 'fixed' haiifai gerimani ya PBE, kwa sababu kwa fomula hiyo ni kama metali. Tumia 'smearing', inayolainisha mpaka kati ya kanda zilizojaa na tupu, ya aina ya 'mv' na degauss (upana wa ulainishaji) ya 0.01 Ry au chini ya hapo.

Sasa suala la urefu wa kisanduku cha fuwele, ambalo watu hulipita haraka mno. PBE ikiachiwa itafute urefu yenyewe huivimbisha gerimani kwa karibu 2%. Pengo la Γ linaitikia sana: kila 1% ya urefu hulisogeza kwa takriban 0.3 eV, na lile la L, nukta nyingine iliyo ukingoni mwa nafasi hiyo ya mawimbi, kwa kama theluthi ya hapo. Ndiyo maana watafiti wawili wenye PBE moja hupata majibu mawili, mmoja pengo dogo sana, mwingine mpangilio uliopinduka. Kwa kazi ya pengo, shikilia 5.658 Å ya maabara na uandike wazi kwamba umefanya hivyo. Sudopotenshali ichague yenye 3d. Inadai kikomo kikubwa zaidi cha nishati: anza ecutwfc, ambayo ndiyo kikomo hicho, ya 60 Ry, panda kwa hatua za 10, simama pengo likibadilika kwa chini ya 0.01 eV. Ikiwa ni ya aina inayohifadhi normu, ecutrho (kikomo cha msongamano wa chaji) ni mara 4 ya ecutwfc na haihitaji zaidi.

Dawa ya sifuri yenyewe ni fomula mseto ya HSE, inayochanganya robo ya ubadilishanaji halisi wa Fock kwa umbali mfupi. Weka input_dft='hse'. Hapa ndipo laptopu huanza kulia, na hapa ndipo hesabu ndogo kwenye karatasi inaokoa siku. Gharama hufuata idadi ya nukta za k (sampuli za mawimbi ya elektroni) mara idadi ya nukta za q (sampuli za hesabu ya Fock, zinazowekwa kwa nqx). Gridi ya 8×8×8 ina nukta 29 baada ya simetria, lakini nqx ya 8 ina nukta 512 zisizopunguzwa: jozi 14,848. Gridi ya 4×4×4 ina nukta 8, na nqx ya 2 ina nukta 8: jozi 64. Anza na hiyo ndogo, kisha panda hadi nqx ya 4, yaani jozi 512. Kumbuka nqx lazima igawanye gridi ya k bila kubakiza. RAM ya GB 8 ikijaa, punguza ecutfock (kikomo cha nishati cha hesabu ya Fock), lakini isishuke chini ya ecutwfc.

Mtego mkubwa: kwa HSE, pw.x, programu kuu ya Quantum ESPRESSO, haifanyi hatua ya 'nscf' (ya kukokotoa nukta za ziada) ya kuchora kanda kama ulivyozoea kwa PBE. Unachokipata ni nukta zilizo ndani ya gridi tu. Sehemu ya chini kabisa ya ukanda wa upitishaji wa gerimani iko kwenye L, kwa hiyo L lazima iwemo. Gridi shufwa isiyosogezwa inayo Γ na L pia. Ya 5×5×5 au 7×7×7 haina L, na utatangaza pengo ambalo si la gerimani. Kwenye matokeo tafuta k yenye 0.5 mara tatu; alama za kutoa zisikutie wasiwasi, ni L ileile. Tena, kwenye joto la chumba tofauti ya kweli kati ya pengo la Γ na la L ni 0.14 eV tu, 0.80 kwa 0.66. Gridi yenye nukta chache inaweza kuyabadilisha nafasi. Usiandike kwamba pengo ni la moja kwa moja, yaani la Γ, kabla hujapandisha nqx.

Umeme nao upangiwe. Hatua moja ya HSE inaweza kuwa ndefu kuliko betri ya UPS. Weka max_seconds ifupi kuliko muda ambao umeme huwa unakaa mtaani kwenu, ili programu ijisimamishe na kuhifadhi kila kitu, kisha uendelee na restart_mode='restart'. Ukiwa karibu na mashine, tengeneza faili tupu yenye jina la prefix (jina ulilolipa hesabu yako) na kiambishi .EXIT, kwa mfano ge.EXIT, itasimama vizuri ikifika mahali pa kusimamia. Umeme ukikatika ghafla, 'restart' haitakusaidia. Anza upya kwa startingpot='file', utumie chaji iliyokwishaandikwa kwenye diski.

Baada ya hapo kuna masahihisho mawili. Mshikamano wa spini na mzunguko hutenganisha kilele cha valensi kwa 0.29 eV, na kilele hupanda kwa theluthi yake, kwa hiyo toa kama 0.10 eV kwenye pengo ulilolipata bila huo mshikamano. Kisha linganisha na 0.74 eV, ambayo ni pengo karibu na sifuri kelvini. Atomu zako kwenye kompyuta hazitikisiki, hivyo 0.66 ya joto la chumba si kipimo chake. Jedwali lenye 0.66 hufanya hesabu nzuri ionekane mbovu.

Yote haya yana uzito zaidi pale mtu anapoingia kwenye gerimani iliyochanganywa na bati, ambako swali zima ni lini Γ inashuka chini ya L. PBE imeshaishusha kabla hujaweka atomu hata moja ya bati. Kisanduku cha atomu 64 kina elektroni 896 za kukokotoa. Hiyo si kazi ya laptopu, peleka kwenye kompyuta kubwa za utafiti kama zile za Cape Town. Ila tuma pamoja na faili yako ecutwfc, nqx na sudopotenshali ulizozijaribu nyumbani kwenye atomu mbili, maana saa za mashine hizo huhesabiwa, na majaribio hayo yote yanawezekana ukiwa hapa hapa mjini.