Chupa moja ya pamanganeti iliyokosekana daftarini

Nilipofungua stoo ya vifaa na kemikali za maabara Nyakato, jijini Mwanza, wateja wangu wakiwa shule za sekondari, vyuo vya afya na viwanda vya kuchakata sangara, niliamini kwamba maandishi ya "kwa matumizi ya maabara tu" yaliyobandikwa kwenye chupa yalikuwa kinga ya kutosha. Nilikuwa nimesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na nilidhani cheti kikishatundikwa ukutani kazi imekwisha.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi hakukitazama cheti. Aliomba daftari la mauzo, kisha akaenda rafuni kuhesabu chupa za pamanganeti ya potasiamu za gramu 500. Ankara za manunuzi zilionyesha chupa 12, daftari lilionyesha 7 zilizouzwa, na rafuni zilikuwapo 4. Nilihangaika karibu saa nzima hadi nilipokumbuka kwamba mwalimu mmoja alichukua chupa kwa haraka wiki ya mitihani ya vitendo, akaahidi kuleta barua baadaye. Barua haikuja, nami sikuandika kitu. "Dada, hii ni kemikali bashirifu," mkaguzi aliniambia, tena kwa upole, jambo lililoniuma kuliko kama angefoka.

Kemikali bashirifu ni zile zenye matumizi halali ambazo pia huweza kuchepushwa kwenda kutengeneza dawa za kulevya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 umeziorodhesha katika majedwali mawili: pamanganeti, ambayo wanafunzi wetu huitumia katika taitresheni (jaribio la kupima kiasi cha kemikali iliyomo ndani ya myeyusho), imo katika jedwali la kwanza pamoja na anhidridi ya asetiki, na katika la pili zimo asetoni, toluini, etha, asidi ya salfuriki na asidi ya haidrokloriki. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya rafu ya shule ya kawaida imo humo, na maandishi ya "kwa matumizi ya maabara tu" kwenye lebo hayaiondoi hata chupa moja katika orodha hiyo.

Tangu siku hiyo hakuna chupa inayotoka kabla ya karatasi. Mnunuzi huleta barua ya taasisi yenye mhuri, inayotaja jina la kemikali, kiasi, matumizi na mtu atakayeipokea, nami hupiga simu kwa namba ya ofisi ninayoifahamu, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Naandika pia namba ya CAS, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kila kemikali, kwa sababu majina hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, lakini asetoni ni 67-64-1 popote itokako. Kinachonipa shaka zaidi ni kiasi kisicholingana na kazi. Mtu aliwahi kutaka lita 40 za asetoni kwa fedha taslimu, akisema ni za mradi wa chuo. Nilipomuuliza anataka daraja gani la usafi alijibu kwamba yoyote itafaa. Mtafiti hawezi kusema hivyo. Nilimwomba barua, akaondoka, nami nikatoa taarifa.

Upande wa kununua nao una wajibu wake, ingawa wengi wetu huusahau. Kabla ya kumlipa muuzaji wa Dar es Salaam, mimi huomba nakala ya usajili wake, kibali cha kuingiza mzigo husika na karatasi ya taarifa za usalama. Akisita, natafuta mwingine, hata kama bei yake iko juu.

Usafirishaji ndio unaonigombanisha na wateja. Mwalimu wa Ukerewe alitaka kuondoka na asidi ya salfuriki ndani ya begi, apande nayo meli ya abiria kwenda Nansio. Nilimkatalia, akakasirika, akasema wenzangu huwa hawana shida. Huenda ni kweli, lakini jina linalosomeka kwenye ankara ni langu.

Barua ya ile chupa ilifika miezi miwili baadaye, ikiwa na mhuri wa shule. Niliibana pamoja na ankara, nikaandika tarehe zote mbili: siku chupa ilipotoka na siku barua ilipofika.